Kopo la Sita

Hamado Belem hakuwa na meno mawili ya mbele. Hakuwa na gari, ingawa watu wa Ouahigouya walidhani mtu aliyepigiwa makofi na Wazungu lazima awe nalo. Hakuwa na mtoto wa kiume, hakuwa na kofia inayomtosha, hakuwa na punda mwenye adabu. Hakuwa na nakala ya filamu yake mwenyewe, filamu pekee aliyowahi kutengeneza. Na hakuwa na uso wa mkewe. Picha za harusi ziliungua pamoja na sanduku lililozihifadhi, kitambulisho kilipotea, na mahali pekee duniani ambapo uso wa Poko ulibaki ukicheka palikuwa ndani ya kopo moja la bati, bapa kama sahani, ambalo yeye hakuwa nalo.

Kopo hilo nilikuwa nalo mimi.

Niseme mapema kwamba mimi ni Msamo wa upande wa Tougan, jina langu Siméon Toé, na Hamado ni Mmosi. Wasamo na Wamosi ni watani tangu enzi ambazo hakuna aliyeziandika. Nikimwita mtumwa wangu, hana haki ya kununa. Naye akisema kwamba nikiona kichwa cha mbwa chunguni nasahau jina la mama yangu, nacheka na kummwagia maji. Msomaji mwenye watani ananielewa. Asiye nao nampa pole.

Mwaka 1988 Hamado aliuza pikipiki yake na ng'ombe watatu wa ukoo, akatengeneza filamu. Aliiita Maiti Hana Haraka. Mzee mmoja anafariki, na watani wake wanakuja kulala ndani ya kaburi, wakikataa azikwe mpaka wapewe wanachotaka. Inachekesha, halafu mahali usipotazamia inakukaba koo. Poko, mkewe, aliigiza mjane. Karibu filamu nzima amejifunika shuka kichwani mpaka kidevuni, huoni hata jicho. Ila pale kaburini, watani wanapozidi kupayuka, anavuta shuka, anatazama juu, anacheka. Si kicheko cha furaha wala cha wazimu. Nilikuwa mle shimoni, miguuni pake, kwa sababu mtani mkuu niliigiza mimi, na mpaka leo sijapata neno la kukiita kile kicheko. Sikulipwa. Nilikula.

Mkanda mama, ule ambao nakala zote hutolewa kwake na ambao cheupe huonekana cheusi na cheusi cheupe, ulijaa makopo saba. Kaburi lilikuwa katika kopo la sita. Hamado alikuwa ayapeleke Paris siku ya Jumatano. Jumatatu baba yake akafariki.

Nilikwenda msibani kama ilivyonipasa. Nilivaa gunia, nikalia kwa sauti ya mbuzi, nikalala mlangoni maiti asitolewe. Nilisema marehemu alimwahidi babu yangu kichwa cha mbwa, na haendi popote. Kisha, kama mtani anavyotakiwa, nikanyakua kitu cha nyumba. Wengine huchukua kuku, au ndala ya marehemu. Mimi niliona kopo linang'aa juu ya meza, nikalivaa kichwani kama kofia ya jenerali, nikatoka nalo nikicheza. Watu waliangua kicheko. Hata Hamado alicheka, machozi yanamtiririka.

Kulikomboa ilikuwa kazi ndogo. Aje kwangu, apige magoti, anitukane vizuri, anipe kitu cha kipuuzi. Ndivyo ilivyo kwetu. Mtani harudishi alichokinyakua bila kukombolewa. Akirudisha hivi hivi, ni kama amesema utani umekwisha, na marehemu amekwenda zake bila kuchekewa. Nilimsubiri Jumanne, hakuja. Nyumba ilijaa wageni wa msiba. Jumatano alipanda gari la Ouagadougou akiwa na makopo sita badala ya saba. Alimwachia jirani yake maneno: "Mwambie yule mbwa nitalikomboa nikirudi."

Mapema mwaka 1989 muda wa tamasha la filamu la huko Ulaya ukafika kabla hajarudi. Filamu ikaonyeshwa hivyo hivyo. Watani wanaingia kaburini, giza, halafu ghafla watu wanakula karamu na mjane ametupa mgongo anafua shuka. Katikati hakuna kitu. Mtu mwenye akili zake angeuliza kipande kimekwenda wapi. Waliokuwa ukumbini walisimama wakapiga makofi. Gazeti moja likaandika kwamba ni ushujaa mkubwa kutotuonyesha kaburi. Akapewa tuzo. Mwandishi wa habari akamuuliza kama pengo lile aliliacha kwa makusudi, na Hamado, kijana wa miaka thelathini na nne ndani ya suti ya kuazima, akajibu: "Ndiyo."

Neno hilo moja lilimfunga. Angekujaje kukomboa kipande ambacho ameshasema hakikuwahi kuwepo? Na mimi ningekipelekaje bila kukombolewa? Tukakaa hivyo. Nilihamia Bouaké, ng'ambo ya mpaka, nikalinda ghala la pamba mchana na jioni nikakaa darasani na vijana wa umri wa wanangu, mpaka nikapata cheti. Mwaka 2003 Poko alipofariki, vita ilikuwa imefunga barabara. Mmosi wangu amefiwa na mke, na mimi sipo mlangoni, sikuvaa gunia, sikulia kama mbuzi. Jambo hilo lilinikaa kama mwiba wa samaki kooni.

Nilirudi kwetu, nikalikuta kopo pale nilipoliacha, ndani ya kihenge cha udongo juu ya mtama, mahali pakavu na pa baridi kuliko nyumba yoyote. Nikalifunika tena.

Miaka ishirini na mitano ilikuwa imetimia tangu tamasha lile, asubuhi moja ya Jumanne, Bibata binti Hamado alipoingia uani kwangu. Sikuwa nimemwona tangu akiwa mtoto wa kubebwa.

"Shikamoo, Mzee Toé."

"Shikamoo? Mtoto wa Mmosi ananiamkia kwa adabu? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mzee."

"Basi nitukane kwanza, ndiyo ukae."

Akaona haya. Alikulia mjini, anafanya kazi benki. "Siwezi kumtukana mtu wa umri wako, mzee."

"Baba yako kakulea vibaya. Haya, kaa."

Alikaa kwenye ukingo wa kigoda kama mtu aliyefika kuomba mkopo, akanieleza. Kuna kampuni ndogo huko Lyon inayosafisha na kutoa upya filamu za zamani kwa ajili ya wakusanyaji, watu wanaozipanga kabatini kama wengine wanavyopanga vitabu. Walikuwa wameisafisha filamu ya Hamado picha kwa picha. Itatoka katika kasha gumu lenye diski mbili, bango la kukunjwa na kijitabu cha kurasa arobaini. Akanionyesha kasha kwenye simu. Juu yake palichorwa mwanamke aliyefunikwa shuka.

"Na humo kijitabuni," akasema, "kuna profesa kaandika kurasa kumi na mbili juu ya lile pengo."

"Kurasa kumi na mbili? Juu ya kitu kisichokuwepo?"

"Anasema pengo lile ni jicho linalokataa kutazamwa."

Nilicheka mpaka kuku wakakimbia. "Jicho limekaa kwenye kihenge changu, mwanangu! Linatazama mtama!"

Yeye hakucheka. "Wanataka baba asaini karatasi kwamba filamu ni kamili, kama alivyoikusudia. Wanataka karatasi yenyewe, si picha yake. Lazima iwe posta Ijumaa, kisha wanachapa. Kalamu anaishika, anaiweka. Kila alasiri anawasha ile mashine kuukuu ya sauti, anasikiliza. Ni mama akicheka. Sauti ilikuwa kopo jingine, hilo hukulichukua. Dakika moja na nusu, inaisha, anairudisha mwanzo. Hajui kama nimekuja."

Sikuwa najua kwamba sauti ilibaki.

Ndipo alipofanya kosa. Alifungua mkoba akatoa bahasha. "Humu kuna faranga laki moja. Chukua, mzee, tafadhali. Nipe kopo niende."

"Rudisha hicho kitu mkobani."

"Niongeze?"

"Binti, sikiliza. Sasa hivi mimi ni mtani aliyeshika kitu cha watu. Nikipokea hiyo bahasha ninakuwa mwizi aliyeuza. Mama yako hauzwi, na mimi si mwizi."

Alisimama, kigoda kikaanguka. "Miaka ishirini na mitano! Wazee wazima, ndevu nyeupe, mnacheza kombolela! Mama yangu yumo ndani ya bati kwa sababu ya upuuzi wenu! Wewe mzee una kichwa kigumu kuliko huyo mbwa unayemla!"

"Ahaa," nikasema. "Sasa umesalimia. Njoo unywe maji."

Akanywa, huku analia na kucheka mwenyewe bila kupenda. Akauliza: "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nenda nyumbani. Usimwambie chochote. Keshokutwa usitoke."

Alipoondoka niliketi mbele ya kihenge. Kurudisha bila kukombolewa siwezi. Lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba mtani aliyechelewa msiba amefungiwa mlango. Kwa Wamosi msiba una siku yake ya kuzika na una siku yake ya kumalizia, na hiyo ya pili inaweza kukaa miaka. Siku hiyo kuna mtu huvaa nguo za marehemu na kuwa yeye, atembee kama yeye, agombe kama yeye, mpaka waliofiwa wamcheke na kumwachia aende. Nilichelewa miaka kumi na mmoja tu.

Alhamisi asubuhi nilipanda lori la vitunguu. Nilishukia nyuma ya nyumba ya Hamado, nikajificha kwenye kivuli cha ukuta, nikavaa kanga ya marehemu mke wangu, nikaliweka kopo kichwani na kulifunga kitambaa juu yake. Nikashika mwiko. Poko alikuwa anatembea mkono mmoja kiunoni, na kabla ya kusema lolote alivuta pumzi puani kama mtu anayenusa mchuzi ulioungua. Nilivuta pumzi, nikausukuma mlango wa bati.

"Hamado! Nani kamwacha mbuzi jikoni? Nimetoka kidogo tu, nyumba imekuwa stendi! Na hayo meno umemkopesha nani?"

Bibata alitoka jikoni, akaziba mdomo. Hamado alikuwa amekaa barazani, karatasi mapajani. Alinitazama. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ya bata. Nilizunguka uani, nikapiga sufuria kwa mwiko, nikaigombeza ndoo, nikamwuliza punda kwa nini hajaoga. Bado ananitazama tu. Nikafikiri, nimekosea, nimemdhihaki mjane wa kiume nyumbani kwake, nimeharibu kila kitu.

Kisha Hamado akasema taratibu: "Poko. Huko ulikokwenda wamekulisha nini? Umeota ndevu."

"Ni upweke, mume wangu."

"Na miguu imekuwa ya Msamo. Imepinda kama mpini wa jembe."

"Nimetembea sana kukutafuta, ewe punda wa machifu."

Kicheko kilimtoka kama kikohozi, kikamshinda, akashika nguzo ya baraza. Mimi pia nilikuwa nimeanza, na kitambaa kikateleza, bati likaonekana. Akaacha kucheka.

"Kichwani una nini, mwanamke?"

"Kofia."

"Ya nani?"

"Ya mwenye kuikomboa."

Alishuka ngazi za baraza. Magoti yake yalikuwa mabovu, Bibata akakimbia kumshika.

"Mwache!" nikasema. "Mmosi kazaliwa akiwa amepiga magoti. Wana machifu wengi kuliko mbuzi."

Alipiga magoti kwenye vumbi mbele yangu. "Wewe Siméon Toé," akasema, "mla vichwa vya mbwa, mwizi wa misibani, uliyelala kaburini kuigiza ukakoroma mpaka ikabidi turudie mara tatu..."

"Sikukoroma. Niliigiza."

"...ulikoroma, na mate yalikutoka. Nakuomba kofia yangu."

"Umetukana vizuri. Kitu cha kukombolea kiko wapi?"

"Bibata," akasema bila kunyanyuka, "juu ya kabati langu, nyuma ya redio, kuna kitu kimefungwa kwenye gazeti."

Alikileta. Gazeti lilikuwa limegeuka rangi ya chai. Ndani mlikuwa na kichwa cha mbwa cha udongo uliochomwa, kikubwa kama ngumi, masikio mawili, na macho ya simbi. Tarehe ya gazeti ilikuwa ya mwezi ule ule wa tamasha.

"Nilikifinyanga wiki niliyorudi," Hamado akasema. "Nilifika nacho mpaka njia panda ya Tougan. Nikakumbuka nilichomjibu yule mwandishi. Nikageuza."

Nilikipokea kichwa changu, nikafungua kitambaa, nikamwekea kopo mikononi, kisha tukasaidiana kunyanyuka, wazee wawili, mmoja amevaa kanga.

Tuliingia chumbani. Kifuniko cha kopo kilikuwa kimeshika kutu. Tulikizungusha kwa kitambaa mpaka kikalia. Ikatoka harufu ya siki. Nilishasoma mahali kwamba mkanda ukianza kuoza hunuka siki, lakini harufu ilikuwa nyepesi. Mizunguko ya juu ilikuwa imejikunja na kushikana kama majani makavu. Ya ndani ilikuwa laini na safi. Bibata alinawa mikono mara mbili, akavuta kipande kwa ncha za vidole, akakielekeza dirishani.

Picha ni ndogo kama kucha. Mtu mweupe amesimama juu ya shimo jeupe, shuka lake ni jeusi, kinywa kiko wazi na meno meusi.

"Huyu ni nani mwenye meno meusi?" Bibata akauliza.

Hamado alikwenda kwenye mashine yake kuukuu, akabonyeza. Ikakwaruza, kisha kicheko cha Poko kikajaa chumbani, kile kile nilichokisikia nikiwa shimoni. Hamado alirudi dirishani, akaweka jicho lake karibu na ule mkanda, akasikiliza na kutazama kwa pamoja, kwa mara ya kwanza. Sauti ilipoisha hakuirudisha mwanzo.

Akakaa mezani, karatasi ya Lyon mbele yake. "Nikisema ukweli, kurasa kumi na mbili za profesa zimekufa."

"Aandike nyingine. Mwambie jicho limepatikana."

"Watasema nilidanganya, Siméon."

"Ulidanganya. Neno moja. Na mimi nimekalia kopo miaka ishirini na mitano. Unataka tushindane?"

"Tuzo je?"

"Tuzo walikupa kwa makopo sita. Hili la saba ni nyongeza ya muuzaji."

"Baba," Bibata akasema, "karatasi inauliza kitu kimoja tu. Filamu ni kamili au si kamili?"

Alishika kalamu. Safari hii hakuiweka. Alikata mstari juu ya maneno yao yaliyochapwa, akaandika chini yake, polepole, kwamba filamu si kamili. Kwamba pengo halikuwa lake. Kwamba aliulizwa mwaka ule na akajibu uongo kwa sababu makofi yalikuwa matamu. Kwamba kopo la sita limepatikana na humo mnaonekana uso wa Poko Belem, ambaye jina lake aliomba liandikwe la kwanza. Kisha akanisukumia karatasi. "Shahidi. Kama hicho cheti chako cha jioni si cha kununua."

Niliandika mistari minne, bila kukata neno. Mimi Siméon Toé, mtani, nathibitisha kwamba nililinyakua kopo kihalali, nikalitunza pakavu, na nimelikabidhi kwa kukombolewa. Nikaongeza kwamba sikukoroma.

Bibata aliwapigia simu Lyon. Aliongea muda mrefu, kisha akamsikiliza mtu wa upande wa pili. Mwisho akasema: "Hawaahidi kukirudisha kipande. Wanataka kwanza waone mkanda uko hali gani, nitaupeleka mwenyewe. Lakini wamesema hawachapi chochote mpaka barua ya baba iwafikie."

Tulikwenda posta kabla haijafungwa, watatu, mimi nikiwa nimesahau kitambaa kichwani. Hamado alijaribu kulamba gundi ya bahasha akashindwa, mdomo umemkauka.

"Lamba wewe," akasema. "Ulimi wa kulambia vyungu unao."

Nililamba. Pembe moja ya bahasha ikawa inafunguka, ikabidi niikandamize juu ya kaunta kwa kichwa changu cha mbwa, mimi nikiwa nimeshika sikio moja na Hamado jingine, tukahesabu mpaka thelathini huku karani akitutazama. Ikashika. Karani akagonga muhuri, akaitupa kwenye mfuko wa barua za ng'ambo.